Jina Liwe la Mwisho: Kuwatambua na Kuwapiga Picha Sikilidi Vibete Nyumbani Unguja

Mwaka mzima nilikuwa nikigawa watoto wa samaki kwa jina lisilo lao. Walinifikia Fuoni ndani ya mfuko wa plastiki, sita kwa hesabu, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Aliyenipakilia kwenye boti kutoka Dar es Salaam aliniambia ni "malti", yaani Neolamprologus multifasciatus. Nikamwamini yeye, nikayaamini na macho yangu: milia ya kusimama ninaiona, kujificha ndani ya makaka ya konokono nakuona, ugomvi usiokwisha nausikia mpaka usiku, mchanga unapogonga kioo. Wakazaa. Nikampa jirani, nikampa mwalimu mmoja wa Bububu, na wengine wakavuka bahari hadi Chake Chake ndani ya dumu la lita tano.

Jioni moja nikafanikiwa kupiga picha iliyotulia, ya ubavu kamili. Nilipoikuza kwenye simu nikaona milia haikukoma nyuma ya shavu. Ilikuwa imepanda kisogoni mpaka karibu na jicho. Malti hana milia ya kichwani. Wangu walikuwa Neolamprologus similis, ndugu wa karibu lakini spishi nyingine kabisa.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni: picha kwanza, jina mwisho. Yafuatayo ni ninavyofanya mwenyewe, kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu.

Samaki wenyewe

Sikilidi ni ukoo wa perege na sato. Una ndugu wakubwa wanaojaza sinia na ndugu wadogo wasiojaza kijiko, na hawa wa mwisho ndio wafugaji wanaowaita vibete: samaki ambaye hata akikomaa hapiti sentimita kumi hivi.

Wanaosifika zaidi ni wa Amerika Kusini, hasa jenasi Apistogramma yenye spishi nyingi mno, na Mikrogeophagus ramirezi wa bonde la Orinoco huko Venezuela na Kolombia. Afrika Magharibi ina Pelvicachromis pulcher wa Nigeria na jamaa zake. Halafu wako wetu, wa Ziwa Tanganyika, na hao ndio tusiowajua. Nimekutana na vijana mjini wanaokutajia Apistogramma watano bila kumeza mate, lakini hawajapata kumwona samaki wa Kigoma anayelala ndani ya kaka la konokono. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 penye kina zaidi. Spishi zake za sikilidi zinapita 200, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Mwongozo huu umewaelemea hao, wale wa Amerika nitawagusa tu.

Maji ya maweni

Samaki mwenye dhiki hapigiki picha. Hupauka, au hutoa mabaka ya hofu ambayo kesho hayapo, na ukimtambua kwa mabaka hayo umejihadaa. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye maji, na hapo Unguja imetupendelea. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu hupita humo yakabeba chokaa. Tazama ndani ya birika la chai: ule ukoko mweupe unaoukwangua kwa kisu ndio ugumu wa maji. Mfugaji wa Apistogramma anaulaani. Samaki wa Tanganyika anaufurahia, kwa sababu ziwa lake lina maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya kati ya 8.6 na 9. Mimi siongezi kitu chochote. Kisima chako kikiwa karibu na ufuko, yaonje kwanza. Yakiwa na munyu wa bahari, tafuta kisima kingine. Maji ya mfereji yenye dawa yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, na ukiwa na pampu ya hewa iache ikoroge.

Wa Amerika Kusini wanataka kinyume chake, maji laini. Kinga maji ya mvua ya masika, mabati yakiwa yameshaoshwa na mvua za mwanzo, kisha uchanganye na ya kisima kidogo kidogo.

Kuhusu makaka: huko ziwani samaki hawa huishi ndani ya makaka matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Hapa chukua ya konokono wa shambani, wale wanaokula mchicha, waliokufa wenyewe. Yachemshe, yasugue ndani kwa kijiti, yaloweke tena. Chagua yenye mdomo wa kupita kidole. Kauri usitumie hata kama ni nzuri machoni, maana mdomo wake ni ufa tu, samaki hapiti. Weka makaka zaidi ya idadi ya samaki, juu ya mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi, maana wanachimba kama mafundi wa msingi.

Rangi ya mchanga iandike kwenye daftari. Samaki juu ya mchanga mweupe hujipausha, juu ya mchanga mweusi hukoza. Nimewahi kuonyeshwa picha mbili na kuulizwa ni spishi gani na gani, kumbe ni samaki mmoja aliyehamishwa tangi.

Wiki mbili bila kamera

Wengi wanalipita hili kwa haraka. Kabla ya kuinua simu, keti. Wiki mbili za robo saa kila jioni zinatosha, ukiwa na daftari la skuli na kalamu. Tabia nayo ni alama ya utambuzi, na alama hii haionekani kwenye picha.

Malti na similis wanaishi kijiji kizima pamoja, watoto wakubwa wakibaki karibu na wazazi, makaka yakiwa yamerundikana. Lamprologus ocellatus hana ujirani huo: kila mmoja ana kaka lake, amelifukia mchangani na kuacha mdomo tu, na dume huwazungukia majike wake kama mwenye nyumba siku ya kodi. Neolamprologus brevis naye, dume na jike huweza kutumia kaka moja wote wawili. Ukiona wawili wanaingia kaka lile lile na hakuna anayefukuzwa, brevis awe wa kwanza kumfikiria, halafu utafute mstari mwembamba wa buluu chini ya jicho.

Kuna mtego mmoja hapa. Lamprologus callipterus si kibete hata kidogo. Dume lake linapita sentimita kumi na hukusanya makaka kwa mdomo. Jike lake ni dogo mno mbele ya dume, na ndilo linaloingia ndani ya kaka kutaga. Ukiletewa majike peke yake au watoto, utadhani umepata kibete mpya. Subiri wakue.

Andika pia nani anamfukuza nani, nani ana tumbo, nani amebadilika rangi na saa ngapi. Jike la Apistogramma akiwa na mayai hugeuka manjano kali na madoa meusi, hata usimfahamu. Mwezi uliopita alikuwa wa kijivu. Bila daftari utaandika spishi mbili.

Tangi la kupigia picha

Picha ya kupendeza unaipiga kwenye tangi kubwa, samaki akiwa nyumbani kwake. Picha ya kutambulisha inataka tangi dogo jembamba. Langu nililitengenezewa na fundi wa vioo Mwanakwerekwe kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi ya madirisha: urefu sentimita 25, kimo 15, upana sentimita 6 tu, kioo cha milimita 4. Gundi iwe silikoni isiyotiwa dawa ya ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Iache ikauke wiki, kisha ujaze maji na kumwaga mara kadhaa.

Ndani yake tia kipande cha kioo kisichogundishwa, kinachoingia kwa wepesi. Samaki akishatulia unakisogeza taratibu kutoka nyuma mpaka abakiwe na nafasi ya kugeuka kidogo tu mbele ya kioo cha mbele. Usimbane. Akianza kuhema upesi au kulala ubavu, mrudishe, picha zipo kesho. Mimi simwachi humo zaidi ya dakika kumi.

Maji yatoke kwenye tangi lake mwenyewe, tena yachotwe nusu saa kabla ili viputo vitoke. Futa kioo kwa kitambaa cha pamba. Nyuma, upande wa nje, bandika karatasi ya miraba ya hesabu. Kila mraba ukiwa nusu sentimita umeshapata rula. Urefu unaohesabika kitaalamu huanzia ncha ya mdomo hadi mwanzo wa mkia, mkia wenyewe hauhesabiwi, kwa sababu mikia huliwa na kukatika.

Kwa picha zisizo za kipimo, nyuma weka kitambaa cheusi kisichong'aa. Kitambaa kingine cheusi unajifunika wewe na simu, kisha unatoboa tundu la lenzi, na hapo kivuli chako na cha dirisha vyote vinatoweka kwenye kioo. Mimi nilianza kwa buibui kuukuu la mama.

"Mwanangu, buibui langu liko wapi?"

"Liko kazini, mama. Limewakinga samaki."

"Basi likirudi na harufu ya samaki utalifua wewe."

Nililifua. Sasa nina dhiraa mbili za kitambaa changu.

Mwanga, kisha simu

Nimeona watu wakinunua simu mpya kwa ajili ya samaki, taa yao ikiwa ile ile ya buluu iliyokuja na tangi. Afadhali fedha hiyo iende kwenye taa. Taa mbili za LED nyeupe zinazotumia betri zinatosha, na umeme ukikatika unaendelea na kazi. Moja iwe juu ya maji, imeelekea chini na mbele kidogo. Ya pili iwe ubavuni, kwa mshazari, isitazamane na kioo. Flashi ya simu izime moja kwa moja, maana imekaa kando ya lenzi na mwanga wake unarudi usoni kwako.

Mimi hufanya kazi hii baada ya sala ya isha, taa za chumba zikiwa zimezimwa na pazia limefungwa. Mchana wa Unguja una mwanga mwingi unaoingia kila upenyo, na kioo kinakuonyesha mwembe wa uani badala ya samaki. Wakati wa joto la kaskazi kuna shida nyingine: simu iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi. Iache nje robo saa kwanza, usiifute kwa shati.

Lenzi itazamane na kioo wima, uso kwa uso. Ukipiga kwa upande, maji na kioo hupinda mwanga na kingo za samaki huwa na ukungu wa rangi. Usiisogeze simu mpaka kwenye kioo ukitumia lenzi pana, kwani kichwa kitavimba na mkia utasinyaa, na mwenye kupima umbo atapotea. Rudi nyuma kidogo utumie lenzi ya mara mbili kama simu inayo. Kama ina sehemu ya kupanga mwenyewe, kasi ya shata iwe 1/125 ya sekunde au upesi zaidi, 1/250 kwa samaki asiyetulia, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiipandishe kupita 800 isipokuwa huna budi. Fokasi iwe kwenye jicho. Jicho likiwa kali, magamba ya karibu nayo hukaa sawa.

Mwanzo wa kila kikao piga picha moja yenye kipande cha karatasi nyeupe ndani ya fremu. Kwa karatasi hiyo utajua baadaye kama umanjano ni wa samaki au wa taa. Na vichujio vya kupamba rangi, vile vya kupakia picha ya harusi, achana navyo kabisa. Picha iliyokolezwa haifai kutambulisha kitu.

Piga nyingi. Kwa samaki mmoja mimi hupata picha thelathini na kubakiza tano. Ninazozitafuta ni hizi: ubavu wa kushoto na wa kulia, mapezi yakiwa yamesimama, kichwa kwa karibu, pezi la nyuma ya tundu la haja, likiwa limemulikwa kutoka nyuma ili miiba ionekane, na angalau moja akiwa ndani ya tangi kubwa, ametulia na rangi zake za kila siku. Ikiwezekana, na moja ya hasira. Weka kioo cha kujitazamia kwa sekunde chache mbele ya dume la ocellatus, ataisimamisha kila pezi aliyojaliwa. Sekunde chache tu, usimtie kiwewe.

Kuisoma picha

Sasa kaa na picha, ukianza na vile visivyobadilika kabla ya rangi.

Hesabu miiba ya pezi la nyuma ya tundu la haja. Miiba ni ile migumu ya mbele isiyo na matawi; baada yake huja vijiti laini vinavyogawanyika nchani. Sikilidi wengi wana miiba mitatu pale. Kundi kubwa la Tanganyika ambamo wamo Neolamprologus, Lamprologus na Julidochromis lina minne au zaidi, mpaka kumi. Hesabu hiyo moja huniondolea nusu ya majina. Hata Amerika Kusini inasaidia: Apistogramma wana mitatu kwa kawaida, lakini yupo samaki mdogo wa Peru, Apistogrammoides pucallpaensis, aliyeelezwa kisayansi na kupewa jina mwaka 1965, ambaye ukimtazama unaapa ni Apistogramma, kumbe miiba yake inapita mitatu. Wafugaji wachache sana wanaye, na baadhi yao naona hawajui kama wanaye.

Halafu umbo la kichwa na mdomo. Wale samaki wa mawe ya ufukweni wanaorukaruka chini kama mbizi asiyejua kuelea, Eretmodus cyanostictus na Tanganicodus irsacae, hutenganishwa hapa: Eretmodus ana pua butu na meno yaliyopanuka nchani ya kukwangulia mwani, Tanganicodus pua yake imechongoka na meno ni membamba ya kudonolea. Ndiyo maana nasisitiza picha ya kichwa.

Baada ya hapo alama nyeusi. Fuatilia kila mlia unaanzia wapi na unaishia wapi, usihesabu idadi tu. Kosa langu la mwanzo lilikuwa hapo: nilihesabu milia, sikuitazama inakofika. Malti inakoma nyuma ya shavu. Similis inaendelea kisogoni hadi karibu na jicho. Kwa ocellatus tafuta doa jeusi juu ya kifuniko cha matamvua lenye duara inayong'aa. Kwa Lamprologus meleagris tazama vitone vyeupe vya lulu mwilini. Kwa Apistogramma kuna mstari wa ubavuni, doa la mwanzo wa mkia, na mstari wa shavuni unaoshuka kutoka jichoni. Andika upana wa kila kimoja na kama mstari wa ubavuni unaligusa doa la mkia au unakatika kabla.

Mkia na pezi la mgongo vifuate, kwa madume waliokomaa. Apistogramma agassizii ana mkia wenye ncha moja kama mkuki, A. cacatuoides mkia wa ncha mbili, na sehemu ya mbele ya pezi la mgongo imerefuka kama shungi. Kwa ocellatus ukingo wa pezi la mgongo hukusaidia kujua jinsia, dume akielekea kwenye dhahabu na jike kwenye weupe.

Rangi iwe ya mwisho, na uitilie shaka. Ocellatus wa dhahabu na ocellatus wa kawaida ni spishi moja. Ramirezi wa buluu tupu ni zao la wafugaji, hayupo mtoni. Na wapo wauzaji wanaowapa samaki wachanga homoni ili wakoze mapema; ukiletewa watoto wa Apistogramma wote wamependeza kama wako harusini, wote wanaonekana madume, subiri miezi miwili kabla ya kuandika lolote.

Kwa nini picha ya samaki hai ina thamani? Multifasciatus alielezwa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1906, akiwa London, mbele ya samaki waliokwisha kufa na kuhifadhiwa kwenye chupa, na rangi nyingi hufia humo. Similis alielezwa na Heinz Büscher mwaka 1992. Kati ya majina hayo mawili kuna miaka 86.

Perege wa Zanzibar

Kama unadhani kukosea jina ni jambo la mfugaji wa uani peke yake, sikiliza hili. Katika miaka ya 1950 perege walichukuliwa kutoka Zanzibar mpaka Malacca, katika Malaysia ya leo, wakijulikana kama Tilapia mossambica. Huko mtaalamu wa uvuvi C. F. Hickling aliwachanganya na wale waliokuwa wakifugwa Asia, ambao nao waliitwa mossambica, na mwaka 1960 akatangaza matokeo ya ajabu: dume la Zanzibar na jike la huko walizaa watoto madume watupu. Wa spishi moja hawafanyi hivyo. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London akampa perege wa Zanzibar jina lake, hornorum, na asili yake ikaonekana ni Mto Wami, bara. Alikuwa ameletwa kisiwani. Leo anaandikwa Oreochromis urolepis hornorum. Kwa hiyo perege wetu alifika Asia akiwa na jina la mwenziwe, na waliomwumbua ni watoto wake.

Na kwa kuwa nimetaja kuletwa: samaki wa tangi usimwage bwawani, hata akikuchosha. Unguja ina samaki wake wa maji baridi asiyepatikana pengine, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Pfeffer mwaka 1893. Si sikilidi. Ni mdogo, mkia wake mwekundu, anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, na vikikauka mayai yake hubaki ndani ya udongo yakisubiri mvua nyingine. Jirani mgeni mwenye njaa hamfai.

Kuliandika jina

Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo. Ukiwa na hakika ya jenasi tu, andika Neolamprologus sp. na uishie hapo; hakuna aibu ndani ya herufi hizo mbili. Ukimwona anafanana sana na spishi fulani lakini kuna alama moja inayokataa, weka cf. katikati, kwa mfano Neolamprologus cf. brevis, maana yake linganisha na huyo. Ukiona ni jamaa wa karibu lakini waziwazi si mwenyewe, ni aff. Ocellatus wakati mwingine utamkuta ameandikwa "Lamprologus" kwa alama za kunukuu, kwa sababu jenasi yake bado inabishaniwa. Nawe ziache alama hizo mahali pake.

Jina la mahali halina badala. Kigoma, Kipili, Mpulungu: kama aliyekuuzia anajua samaki walivuliwa wapi, andika hapo hapo, na usiwachanganye na wa kutoka pwani nyingine ya ziwa hata wakifanana kama pacha. Kama hajui, andika "mahali hapajulikani". Usibuni. Mimi huuliza mara mbili kwa siku tofauti, na majibu yakitofautiana naandika hapajulikani.

Faili la picha lipe jina linaloanza na tarehe, mwaka mbele: 2024-03-17, namba ya tangi, namba ya samaki, ubavu. Jina la spishi lisiwemo kwenye jina la faili, kwa sababu ndilo litakalobadilika. Liweke kwenye daftari, kwa penseli. Kwenye ukurasa huo huo andika pH, joto la maji, rangi ya mchanga, urefu, na nani alikuletea. Nakili picha sehemu mbili, kwenye simu na kwenye kadi ya kumbukumbu unayoihifadhi mbali na maji. Yangu ya kwanza iliangukia ndani ya tangi.

Nilipokwisha kupata hakika na similis wangu niliwazungukia wote niliowapa. Jirani alicheka. Mwalimu wa Bububu alishukuru na kubadilisha kibandiko siku ile ile. Yule wa Chake Chake nilimpigia simu.

"Ami, wale samaki niliokuletea si malti."

"Ala! Kwani wao wenyewe wamesemaje?"

"Nitumie picha ya ubavu nihakikishe, huenda wako wamechanganyika."

Jioni akanitumia. Kichwa kipo, milia ipo, lakini mkia umekatwa na ukingo wa fremu, na nyuma ya samaki nauona mlango, kapu la muhogo na ami mwenyewe akiwa na fulana. Nikamwambia atafute kitambaa cheusi, apige tena.